Gitaa Lenye Mafua

Jamani, leo hapa Mgwashi mzee kamwamkia kijana shikamoo! Nimeona kwa macho yangu.

Kwaya yetu ina hela ya gitaa moja tu, na mafundi wawili wameleta kila mmoja alilochonga. Mzee Yonathani wa hapa hapa, miaka sabini. Na Rajabu wa kule Bungu, umri wa mjukuu wake.

Asubuhi nzima wanatambiana. "Langu nalijua hata nikifumba macho!"

Haya basi.

Nikawageuza watazame ukuta, nikapiga wimbo uleule kwa magitaa yote mawili.

"La kwanza ndilo langu," mzee akasema. "Sikia linavyonguruma!"

"Langu la pili," akasema Rajabu. "Hilo la kwanza lina mafua."

Walipogeuka… kila mmoja kasifia la mwenzake! (Yaani Rajabu kalitukana la kwake mwenyewe 😂)

 

Mzee akavua kofia. "Nunueni la huyu. Shikamoo, fundi."

Vigelegele kanisa zima! Rajabu kakimbilia nyuma ya mlango, mzee anamfuata: "Itikia, mjukuu wangu, nimekuamkia!"

Hadi naandika hapa, hajaitikia. Nyie mngethubutu?