Jumatatu ya Kusindikizwa

Naikumbuka Jumatatu moja ya Pasaka, mwanangu, enzi hizo mimi ni msichana mwenye nywele nyeusi na haraka nyingi. Nilikuwa nauza kwenye duka la vitambaa mjini Mwanza, nimepanga chumba Kirumba. Kaka yangu Faustini alikuwa fundi wa magari huko huko mjini. Sikukuu ilipoungana na wikiendi tukavuka ziwa kwenda Nansio kumwona mama, ambaye aliishi peke yake tangu baba afariki.

Usidhani tulikwenda kupumzika. Jumamosi nzima Faustini alishinda juu ya paa la jiko akibadilisha bati lililokuwa linavuja, mimi nikaenda sokoni, nikafua mapazia, nikapeleka mahindi mashineni. Jumapili tukaenda misa, tukala wali na kuku, jioni tukawachukua watoto wa jirani tukaenda nao ufukweni kuogelea na kupiga picha. Mama alicheka, alipika, aliuliza habari za kazi zetu. Akinimiminia chai ikamwagika mezani, nikamtania kwamba siku hizi ana mambo mengi kichwani. Naye akacheka. Ungeniuliza hali ya mama jioni ile, ningekwambia mzima kabisa.

Sasa ngoja nikueleze kitu ambacho ninyi wa siku hizi, mnaoaga kwa kidole gumba cha kwenye simu, mnakisahau. Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Mwenyeji hutoka naye, wakaenda pamoja mpaka barabarani, wengine mpaka bandarini kabisa. Na jambo zito watu wazima hulisema huko njiani. Ndani kuna watoto, kuna majirani wanaoingia na kutoka, kuna sufuria jikoni. Mkiwa njiani mnatazama mbele wote wawili, hakuna anayemkazia mwenzake macho, basi mdomo unafunguka wenyewe.

Jumatatu asubuhi mizigo ilikuwa mingi, mihogo, machungwa na dagaa wakavu. Faustini akaita pikipiki mbili, zikaingia mpaka uani. Mama alikuwa amejifunga khanga safi na viatu ameshavaa.

"Mama, wewe pumzika tu," Faustini akamwambia. "Tukifika tutakupigia simu."

"Haya, wanangu," mama akasema, akakaa kwenye kigoda.

Nilikuwa nimeshapanda. Shangazi yetu, dada yake baba aliyekaa nyumba ya pili, alikuwa pembeni anamenya mihogo. Yule mwanamke alikuwa na ulimi mkali, Mungu amrehemu. Akaweka kisu chini.

"We Editha, shuka hapo! Mama yako amevaa viatu tangu alfajiri. Unafikiri anakwenda ngomani?"

"Shangazi, meli itatuacha."

"Ikuache! Kwani ndiyo ya mwisho duniani? Mnaondokea uani kama wezi wa kuku. Shuka usindikizwe."

Nilishuka nimenuna, sikufichi. Faustini akatangulia na mizigo, nami nikaongozana na mama kwa miguu. Tulipovuka geti tu akanishika mkono juu ya kiwiko. Nikadhani ni mapenzi ya kuagana. Mbele kidogo akakanyaga shimo ambalo hata mtoto angeliona, akanining'inia nusura tuanguke wote. Kisha akasema, huku akitazama mbele:

"Editha, jicho la kushoto halioni. La kulia nalo limeanza kuingia ukungu."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Na siku zote hizi tuko wote hapa nyumbani, mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Mlikuwa kwenye mabati na mapazia." Akapapasa njia kwa mguu. "Tena niliogopa mtanihamishia mjini, nyumba ya baba yenu ibaki gofu."

Nililia pale pale barabarani, na watu wakipita. Nyumbani aliweza kutudanganya kwa sababu kila hatua ya nyumba ile aliijua, na sisi tulikuwa tunapitapita mbele yake na ndoo na nyundo bila kumtazama usoni. Honi ya meli ikalia kutoka bandarini, nikaiacha iende na Faustini.

Kesho yake nilivuka na mama mpaka hospitali ya mjini. Daktari akasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa, lakini la kulia likaokolewa kwa dawa ya matone, na akasema tungesubiri sikukuu nyingine tusingekuta kitu. Bosi wangu alinifokea mbele ya wateja kwa kuchelewa kurudi kazini, nikainamisha kichwa. Mama aliishi nyumbani kwake miaka mingi baada ya hapo, na kwa jicho lile moja aliwaona wanangu wote wakizaliwa. Mpaka leo nikimfikiria shangazi na kisu chake cha mihogo naingiwa na woga, kwa sababu ilibaki kidogo sana nisishuke.

Mwanangu, ukienda kuwaona wazee wako, bati litengeneze na sokoni nenda, hiyo ni heshima. Lakini bakiza muda ambao huna kazi yoyote mkononi. Mzee akisema anakutoa kidogo, usimwambie apumzike. Punguza mwendo umfuate, usiulize chochote, mpe njia yote aseme au asiseme.

Nawe sikukuu hii umenihangaikia sana. Umenijazia gesi, umenipeleka kanisani, watoto wako wameujaza uwanja kelele, nami nimefurahi kweli. Mungu akutunze barabarani na majini, akupe kazi isiyokunyima usingizi, na wanao wakukumbuke ukiwa ungali unatembea. Sasa mwambie huyo kijana wa pikipiki atangulie na mabegi, akusubiri barabarani. Twende taratibu, kuna jambo nataka kukwambia.