Modeli yangu iliwapenda mno watu wa Khwisero

Wakuu, salamu kutoka Kakamega. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na aibu yake sijaipunguza.

Nilipomaliza chuo nilipata kibarua cha utafiti. Kazi: kuuliza watu wanavyoyaona makundi mbalimbali, walimu, waendesha bodaboda, watu wa maeneo ya huku kama Kabras na Khwisero, kisha kuingiza majibu kwenye modeli ya mtandao wa neva. Hiyo ni programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano, halafu inakisia watu wataliona kundi fulani vipi.

Matokeo yakiwa mazuri, mkataba unaongezwa.

Nikazunguka kata ya Shieywe, hapa mjini, peke yangu, nyumba hadi nyumba. Chai nilikunywa mpaka basi.

Modeli ikatoa jibu: watu wa Khwisero ni wakarimu, waaminifu na werevu kuliko wote. Msimamizi wangu, Daktari, akafurahi. "Hii tunaipeleka kwenye kongamano."

Mimi sikufurahi. (Ninawazanga sana, hata "sawa" ya kwenye simu hunikosesha usingizi.)

Wakuu, mimi ni wa Khwisero.

Na huku kwetu mtu hajibu kabla ya kuuliza, "Wewe ni wa wapi?" Mimi nami, kwa adabu, nilikuwa nimejibu kila mlango.

Nikapima siku mbili. Nikisema, nitakosa mkataba. Nikinyamaza, uongo utasomwa kongamanoni ukiwa na jina langu.

Nikaingia ofisini, nikasema.

Daktari akasema, "Thibitisha. Una wiki moja."

Nikamwomba mwenzangu Brian, wa Kabras, apite nyumba zilezile. Modeli ikajifunza upya kwa majibu yake. Sasa malaika wakawa Kabras!

Nikarudi kwa Mama Ayuma, muuza nyanya, aliyekuwa amewasifu Khwisero mpaka nikaona haya.

"Mama, kumbe ulinidanganya?"

"Wewe nawe! Ukunywe chai yangu nikikutukania watu wenu? Hata huyo wa Kabras alikula ndizi hapa."

"Na ukweli ni upi?"

"Watu wa Khwisero mnaringa. Haya, leta kikombe."

Sasa ninarudia mara ya tatu. Watu wanajaza wenyewe, wanafunga bahasha, hawaulizi kwetu ni wapi. Mkataba bado, Daktari anangoja bahasha. Kwenye modeli Khwisero tunashuka kila siku, na ninaendelea kuingiza majibu.

Nilichojifunza: kabla ya kuuliza watu wanamwonaje mwingine, jua kwanza wanakuonaje wewe.

Mliowahi kukusanya data, mlipoulizwa mnatoka wapi mlijibuje?