Kipande Changu cha Barabara

Kazi yangu ni kuwashawishi matajiri waweke fedha zao mahali ambapo hawajawahi kukanyaga. Naifanya Kinshasa, katika benki ya uwekezaji, kwenye ofisi yenye baridi inayonilazimu kuvaa sweta mchana kweupe. Sehemu ya ninachopata natoa: madawati Kasongo, karo za wasichana Kabambare. Wananiita mfadhili, nami sikatai, maana napenda sifa kama mtu mwingine yeyote. Lakini sifa iliyonifurahisha kuliko zote nilikuwa nikipewa kwa simu kila Jumamosi, na baba yangu.

Kwetu kijijini, upande wa Wamaza, mbali mashariki mwa nchi, Jumamosi ni siku ya salongo, kazi ya lazima ya kijiji kizima. Kila mtu mzima ana kipande chake cha barabara cha kufyeka, na asipofyeka, kapita, msimamizi wa chifu, humjia juu. Changu kilianzia kwenye kijito, hatua thelathini kuelekea sokoni. Nilipoondoka kwenda kusoma, kapita alitaka kumpa mtu mwingine kipande hicho. Baba akakataa katakata. Alifyeka chake, kisha akafyeka na changu, akapanda mchaichai huku na huku ili mtu asikosee mpaka.

"Kipande yako iko safi, mama," alikuwa akiniambia jioni. Baba huniita mama tangu nikiwa mdogo. Halafu alinieleza nani amepita pale, nani ameniulizia, nani ameolewa. Nilimsikiliza nusunusu, macho kwenye kompyuta. Sasa nazililia simu zile.

Mgongo wake ulipoanza kumsumbua, nilichukia. Mzee mzima ainame na panga kwa ajili ya mtu anayezunguka na ndege! Nikafanya ninachokijua: nikatafuta fedha, nikaunda kikundi cha wafyekaji wa kulipwa, barabara yote, kutoka kijitoni hadi sokoni. Watu wapumzike. Baba sikumwuliza, nilitaka afurahi ghafla.

Simu za Jumamosi zikawa fupi. "Iko sawa, mama." Basi. Nilidhani anaumwa na ananificha. Mwaka huu uvumilivu ukanishinda: ndege hadi Kindu, kisha pikipiki siku baada ya siku, Kasongo, Kabambare, matope hadi magotini. Tulipovuka kijito nilimwomba mwenye pikipiki apunguze mwendo nikione kipande changu. Sikukiona. Barabara ilikuwa safi vilevile mwanzo hadi mwisho, na mchaichai ulikuwa umefyekwa pamoja na majani mengine.

Baba hakuwa mgonjwa. Nilimkuta barazani, na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, ameoga, amevaa shati safi, hana la kufanya. Tulikumbatiana, tukala, ndipo nikamwuliza kama amenikasirikia.

"Hapana, mama. Ila mbele, wakati nilikuwa nafyeka, watu walikuwa wananikuta pale. Wananiuliza, 'Mwenye hii kipande iko wapi?' Ninawajibu, 'Iko ku kazi, atarudi.' Sasa hakuna mutu anauliza."

Ningefurahi angenigombeza. Nilikuwa nimemnyang'anya mahali pekee ambapo bado nilikuwa mtu wa kijiji kile, na nilikuwa nimelipia mwenyewe.

Jumatatu asubuhi nilichukua panga lake tukaenda wote. Alipiga hatua zake polepole kutoka kijitoni, akasimama, akanionyesha na mkono: mwisho wako hapa. Hapakuwa na jani la kukata. Niliinama hivyo hivyo, nikakwangua udongo kwa ukaidi tu, jasho likanitoka, nikajisikia vizuri kama ambavyo sijajisikia miaka mingi.

Mmoja wa wafyekaji akatufikia, mwanaume wa makamo aliyekuja huku kutafuta dhahabu akaishia kuoa kijijini. Alimsalimu baba, akanitazama mimi, kisha viatu vyangu.

"Wacha, mama, hii ni kazi yetu," alisema kwa upole. "Unatoka wapi?"

"Hapa," nikamjibu.

Akacheka kwa adabu, akasubiri nimwambie kweli.