Mpangaji Mtulivu

Nyirangabo alipohama West Side ya Buffalo, huko Marekani, kwenda kupanga kwenye kamji kale ka Waswidi kando ya ziwa, watu walisema ameanza kuringa. Waongo. Alikuwa amechoka tu. Miaka tisa ndani ya nyumba ya mbao inayovuja, nani asingechoka? Alipata kazi ya kutunza wazee huko, akapata na vyumba viwili ghorofani kwa Bi Ingrid, dirisha likitazama maji.

Kamji kenyewe kasafi hadi kanaudhi. Bendera za bluu na njano kila mlango, farasi mwekundu wa mbao mbele ya benki, na kila mtu lazima akusimulie jinsi babu wa babu yake alivyofika kutoka Uswidi na sanduku moja. Sawa, tumesikia. Mkataba wa Bi Ingrid ulikuwa wa mwaka mmoja: wageni wasizidi wanne, gari moja tu, kelele hakuna. Wapangaji wawili kabla yake waliondolewa kwa kuvunja hayo. Nyirangabo aliyashika yote, hata simu akawa anapokea kwa sauti ya chini.

Zikiwa zimebaki wiki mbili mkataba uishe, habari ikaja kwamba Rwema, mdogo wake wa mwisho, amefariki kwao milimani, Kivu ya Kusini. Mzee Azarias wa kanisa lao la Wakongo huko Buffalo akapiga simu.

"Pole sana, dada. Kesho tuko njiani, magari kumi hivi. Mama Kirezi anapika, donc, basi, wewe usihangaike na kitu."

Kwao mfiwa haachwi peke yake. Watu wanajaa, wanaimba, wanalala chini siku kadhaa. Nyirangabo alijua hayo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Akachungulia nje, akaona ile nafasi ya gari moja. Laiti ulimi wake ungekauka hapo hapo.

"Baba, musikuje. Hapa hawapendi watu wengi. Nitakuja mwenyewe siku ya Mungu, tulilie huko kanisani."

"Kilio tunakifuata kwa mwenyewe, dada."

"Najua, baba. Musikuje tu."

Basi hawakuja. Siku tatu alimlilia Rwema uso ukiwa ndani ya mto, Bi Ingrid huko chini asisikie. Kulia hivyo kunaumiza, usimtakie hata adui. Siku ya nne Bi Ingrid, aliyepata habari za msiba kwa wenzake wa kazini, alipanda ngazi, akamwachia mlangoni mkate mtamu wa iliki na mkataba mpya uliotiwa saini. Kwenye kadi aliandika: "Pole kwa msiba. Sijawahi kupata mpangaji mtulivu kama wewe."

Nyumba akaipata. Jumapili kanisani walimwombea dakika chache, kisha wakaendelea na matangazo.

Miezi mitano baadaye aliona picha kwenye simu: Mama Kirezi, yule aliyetaka kumpikia, ameketi mkekani katikati ya watu. Kumbe mumewe amekufa, na watu wako pale siku ya tano. Nyirangabo akampigia Azarias.

"Baba, mbona hamkuniambia?"

"Bon, tulisema tusikusumbue, dada," Azarias alijibu kwa upole kabisa. "Wewe mambo ya watu wengi uliacha." Kisha akamtakia kazi njema.