"Imezimwa," Nilimwambia Fundi

Nilimdanganya fundi Hassani, au nilikosea tu? Swali hilo limeninyima usingizi wiki mbili. Upuuzi mtupu! Jibu nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza, ila sisi wenye digrii hatusemi "nimekosa" kabla ya kulichambua.

Tunatengeneza mifuko ya karatasi, hapa Gatsata. Mota ya mbele inavuta karatasi, ya nyuma inalizuia gombo lisikimbie. Kule kuzuia huzalisha umeme, nao ulikuwa unapotea bure kama joto. Mimi, bingwa wa mitihani, nikaunganisha kwa nyaya vile vidhibiti vya mota, tunaviita draivu, ili vigawane umeme huo.

Hassani, aliyenizidi miaka ishirini kazini, aliutazama mchoro wangu akauliza fyuzi ziko wapi, na swichi ya kuzitenganisha draivu iko wapi. Nikamjibu kwamba mchoro ni safi hivyo hivyo. Safi! Kana kwamba umeme unajali usafi wa mchoro.

Siku moja draivu ya nyuma ikagoma. Nikashusha swichi yake. Ya mbele nikaiacha inawaka, tusipoteze muda.

"Enjeniya, iko imezimwa?"

"Imezimwa."

"Kabisa?"

"Kabisa, fundi. Unaogopa nini?"

Swichi ilizimwa, kweli. Lakini draivu ya mbele ilikuwa inailisha jirani yake umeme kupitia nyaya zangu mwenyewe. Hassani akafungua kifuniko, akaingiza mkono.

Yuko hai. Vidole viwili havikunjiki tena.

Bosi akasema mzee ni mzembe, mbona hakupima kabla ya kugusa? Wenzangu wakaitikia yego, yego, ndiyo bosi. Nami nikaitikia kwa kichwa pamoja nao, mwoga nisiye na haya!

Nilipomtembelea Hassani kwake Kimisagara, alicheka. "Enjeniya, umekuja kuangalia kama na mimi iko nimezimwa?"

Jumatatu alikuwa apewe barua ya kufukuzwa. Enyi mnaotoka chuoni na michoro safi, mtu akikuuliza kama imezimwa, usijibu kwa mdomo. Zima zote, subiri, pima.

Asubuhi ya Jumatatu hiyo nilishusha swichi zote mbili, nikangoja mpaka mita ikasoma sifuri, nikazikata nyaya zangu. Kisha nikamwambia bosi, mbele ya wote, neno "imezimwa" lilitoka kinywani mwa nani.

Barua ikaandikwa upya, kwa jina langu. Niliipokea kwa mikono miwili, mizima yote.