Siku Niliyousoma Ukoo Wetu Mbele ya Watu

Naikumbuka vizuri siku ile, mwanangu, siku niliyosimama uani nikausoma ukoo wetu kwa sauti. Ilikuwa Krismasi, katika ile miaka ya tisini ambayo Burundi kulikuwa na vita na wakimbizi walikuwa wakivuka mpaka kila wiki. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, nimetoka chuoni Kasulu juzijuzi tu, na nilijiona najua mambo.

Umeniambia unataka kuandika habari za ukoo. Majina yote ninayoyajua nitakupa. Lakini kwanza nisikilize.

Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo. Nikachukuliwa na baba mdogo, Laurenti, na mke wake, Skolastika. Wao Mungu hakuwapa mtoto, kwa hiyo katika nyumba ile, kule upande wa Rungwe Mpya, mtoto nilikuwa mimi peke yangu. Mama mdogo alikuwa akinimenyea viazi hata nilipokwisha kuota ndevu. Nikimwambia aache, anasema mikono yake imezoea.

Nilipoanza kazi ya kuandika ukoo wetu niliifanya kwa bidii. Kila Jumamosi nilipanda baiskeli kwenda kwa wazee, nikiuliza nani alimzaa nani, na makaburi ya mababu yalibaki wapi watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Wazee wengine walipingana, nikaandika maneno ya wote. Halafu nikaenda parokiani kuomba vitabu vya zamani vya ubatizo. Padri akanifungulia kabati, akanipa meza dirishani. Siku ya pili nikakuta jina la mama mdogo. Jina la baba yake lilikuwa pale, na mahali alipozaliwa pia: Burundi.

Sisi sote tulimjua mama mdogo kuwa mtu wa Kakonko, upande wetu huu wa mpaka. Ndivyo alivyosema siku zote. Basi nikafurahi, mwanangu, nikanakili mpaka jina la kilima chao, maana Warundi hutambulishana kwa vilima walikozaliwa. Sikujiuliza kwa nini mtu afiche alikozaliwa. Wala sikumwuliza mwenyewe, na kila jioni tulikuwa tunakula pamoja.

Siku hiyo ya Krismasi, baada ya ibada, ua wa baba mdogo ulijaa ndugu na majirani. Nikasimama nikasoma. Watu walipiga makofi kila waliposikia jina la babu yao. Nilipofika kwa mama mdogo nikasoma yote, baba yake, kilima chake, nchi yake. Yeye alikuwa akipakua maharage. Aliweka upawa chini, akaingia ndani. Hakuna aliyepiga makofi. Nikadhani hawakusikia vizuri, nikarudia.

Haukupita muda mrefu, ikatoka amri kwamba Warundi wote wanaoishi vijijini waende kambini, hata wale waliokuwa wamekaa miaka mingi wakilima. Mwenyekiti wa kitongoji akaja nyumbani na karatasi mkononi. Nikabishana naye mlangoni. Nikamwambia mama mdogo ameolewa hapa, kila mtu anamjua.

"Tulimjua kuwa wa Kakonko," akanijibu taratibu. "Haya mengine mimi sikuyajua, mwalimu. Nimeyasikia kwako, na kijiji kizima kimeyasikia. Sasa nitamwachaje, na wengine nimewaandika?"

Mama mdogo hakulia. Alifunga vitenge viwili, sufuria moja, na mbegu kidogo za maharage. Baba mdogo, ambaye alikuwa hajanisemesha tangu Krismasi, akatoka chumbani amevaa koti lake la kanisani na mfuko begani.

"Unamsindikiza, baba?" nikamwuliza.

"Nakwenda naye."

"Lakini wewe ni Muha, mtu wa hapa hapa. Hawatakuandika."

"Wataniandika," akasema. "Wale mbuzi uwafungulie mapema."

Nikabaki peke yangu katika nyumba ile. Sijui kama unaujua upweke wa nyumba ambayo watu wake wako hai. Nilipika ugali wa watu watatu kwa mazoea, nikala kidogo, nikamwaga. Majirani walinisalimia njiani bila kusimama. Wazee walionisimulia habari za mababu sasa waliniambia wamesahau. Nilijua vizazi sita vya ukoo wetu kwa majina, na sikuwa na mtu wa kumweleza siku yangu ilivyokwenda.

Shule zilipofungwa nikapanda basi Kasulu mpaka Kibondo, kisha nikaingia kambini kwa miguu. Niliwakuta mbele ya kibanda cha turubai, mama mdogo anachambua mahindi. Nikapiga magoti. Akaniinua, akageuza ndoo ili niikalie.

"Wewe ulikiuliza kitabu," akaniambia, "na mimi nilikuwa hapo hapo jikoni. Ungeniuliza ningekueleza yote, tulivyokimbia, na kwa nini mama yangu alinikataza kutaja kwetu. Ningekueleza, halafu ningekuomba usiandike."

Nikamgeukia baba mdogo, nikamwuliza alifanyaje mpaka akaandikishwa.

"Waliniuliza mimi ni mtoto wa nani, wa kilima gani. Nikataja majina aliyonifundisha mke wangu njiani. Baba yangu mwenyewe sikumtaja."

"Turudi nyumbani, baba. Nitakwenda kwa wakubwa, nitaeleza."

"Utaeleza nini tena?" akasema. "Umeshaeleza. Nyumba kaa nayo, mimi niache nikae na mke wangu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Niliendelea kwenda kila likizo, na dagaa na chupa ya mawese. Tuliongea, na siku nyingine tulicheka. Lakini hawakurudi. Baba mdogo alifia kule kwa ugonjwa wa kifua, akazikwa kwa jina la ukoo usio wake. Habari zilinifikia kwa kuchelewa, nikakuta udongo umeshaanza kukauka. Miaka baadaye, amani ilipopatikana, mama mdogo akarudishwa Burundi pamoja na wenzake. Malori hayakupita kwetu. Sikupata kuagana naye, na mpaka leo sijui kama yuko hai.

Kwa hiyo mwanangu, andika. Sikukatazi, maana wasipoandikwa watapotea. Ila kwa mtu aliye hai, jina lake na alikotoka ni mali yake kwanza. Kabla ya kufungua vitabu vya kanisa au vya ofisi, nenda kwake, kaa chini, uliza. Akikuambia hili liache, liache, hata kama ukurasa utabaki na nafasi wazi. Si kila anayeficha alikotoka anaona aibu. Wengine wanaficha ili wapate pa kuishi. Na neno ambalo mwenyewe hajakuruhusu, usilisome mbele ya watu, hata wakiwa ndugu zako wote, hata siku ya furaha.

Mungu akuongoze katika kazi hiyo. Akujalie nyumba yenye watu, wakuamini kwa habari zao, na uzee ukikujia ukukute umezungukwa na wako.