Mali Isiyoulizwa Bei

Baba yangu alikuwa mtu wa minazi, na mtu wa minazi hana haraka. Kwa hiyo, mwanzoni mwa miaka ya sitini, aliponunua hisa za kampuni ya mafuta, hakuona kama amebadili kazi. Aliona amepanda mti mwingine.

Aliyemshawishi ni Muhindi mwenye duka la mafuta ya taa, jirani yetu hapo Bagamoyo. Kampuni ilikuwa na visima vyake ng'ambo. Na pesa baba alizipata wapi? Aliuza shamba la minazi la mama. La mama, nasema, si lake: mama alilirithi kwa mama yake, na bibi amezikwa humo humo. Mama aliridhia kwa sababu baba alimwahidi kulikomboa, na mnunuzi, mwenye malori wa Chalinze, alikubali kulirudisha siku yoyote pesa zikipatikana. Mama alitaka azikwe ubavuni mwa mama yake. Hakuwa na tamaa nyingine duniani, masikini.

Gawio likawa linakuja kila mwaka, na siku hiyo tunapika pilau. Ulipofika wakati wa zaka, baba akakwama. Bidhaa ya dukani hukadiriwa kwa bei ya sokoni, lakini shamba hutazamwa linatoa nini. Hisa je? Akaamua peke yake, bila kumuuliza mwalimu yeyote, kwamba hisa ni shamba. Akatoa zaka kwenye gawio tu, na tangu hapo hakutaka hata kusikia bei ya zile hisa.

"Mali ya kukaa haiulizwi bei," alikuwa akisema. "Anayeuliza bei ya mnazi ana shoka mkononi."

Miaka ya sabini ilipoanza, Muhindi akawa anahama. Alikuja kuaga, wakakaa barazani, akamwambia baba, "Bwana, uza sasa. Shamba unalikomboa na pesa nyingine zinabaki. Visima vile vinakwisha, na hawajapata vipya."

Baba akainua mkono kumzuia asitaje bei. "Mbona gawio la mwaka huu limezidi la mwaka jana? Mti unaozaa hivi haukatwi."

"Nazi ukiangua leo, mnazi utazaa tena. Mafuta yakitoka ardhini yametoka, bwana. Wanakugawia mti wenyewe."

Mama na mimi tulikuwa nyuma ya pazia, tunachagua mchele. Mgeni alipoondoka, mama akatoka. "Mume wangu, uza," akasema. Mama hakuwa mtu wa kurudia ombi, lakini siku ile alirudia, na akarudia tena.

"Mwaka mmoja tu," baba akajibu. Nilimkasirikia hata asubuhi yake shikamoo ikanitoka kwa shida.

Mwaka uliofuata gawio halikuja. Baba akasema hata minazi ina mwaka wake mbaya. Hatimaye akapanda basi kwenda Dar es Salaam kuulizia, akaambiwa visima vimekauka, kampuni imefungwa, na hisa zake ni makaratasi. Alirudi akakaa barazani bila kuvua viatu. Subira huvuta heri, ndivyo tulivyofundishwa. Yake ilivuta nini, mimi sijui.

Kisha mama akaugua. Alipokuwa hawezi tena kula, akatamani dafu la shambani kwake. Baba akaenda kwa miguu, akarudi nalo, akalikata mwenyewe na kumshikia anywe.

Mama akanywa kidogo. "Umepewa au umenunua?"

"Nimenunua."

"Bei gani?"

Baba akaitaja, kwa sauti ndogo nisiyowahi kuisikia kwake. Mama akalisukuma dafu taratibu kumrudishia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Leo umeuliza bei."

Mwenye shamba hakutaka kaburi jipya katika ardhi yake. Mama tulimzika makaburini mjini, mbali na mama yake.